Skuta ya kujiundia: mashine haijachoka, meno ndiyo yamekosewa

*"Assalamu alaykum. Niko Wete, Pemba, nina miaka 20. Nimejiundia skuta kwa vitu chakavu: fremu ya skuta ya mtoto iliyokuja na kontena, mipira ya upepo ya sentimita 20, mashine ya kufyekea majani ya cc 52 na cheni ya baskeli. Sproketi ndogo nimeitia kwenye shafti ya ngoma ya klachi, ina meno 11. Ya nyuma ina meno 44. Mashine inawaka vizuri, na kwenye tambarare nikisukuma kwa mguu inaondoka. Lakini mlima wa kutoka bandarini haupandi. Mashine inalia, inanuka kama kitambaa kinachoungua, na haiendi. Nilipofungua ngoma nimeikuta imefanya rangi ya buluu. Pale nilipochomelea chini ya shingo ya usukani pana mstari kama unywele. Breki ni bati la kukanyaga juu ya mpira wa nyuma. Mmoja ananiambia niweke mashine ya pikipiki cc 110, mwengine ananiambia niachane na petroli niweke mota na betri za UPS, vile visanduku vinavyoiwasha kompyuta umeme ukikatika. Nataka niwe nakwenda nayo mjini Chake Chake. Nifanye nini?"*

Waalaykumu ssalaam. Umeeleza vizuri, na hiyo rangi ya buluu peke yake imeshatoa nusu ya jawabu. Nitaanza na lile linalokusumbua, yaani mlima, lakini nikwambie mapema kwamba hilo silo kubwa katika maelezo yako. Kubwa ni ule mstari wa unywele. Mpaka utakapoushughulikia, usiipande tena hiyo skuta, hata kwa kwenda dukani tu.

Sasa mlima. Umeshaamini kwamba mashine haina nguvu, na ndiyo maana neno la cc 110 limekuingia. Sivyo. Mashine nyingi za cc 52 hutoa karibu kilowati 1.4 hadi 1.6, hata kama stika iliyobandikwa juu inadai zaidi. Wewe na skuta tuseme mna kilo 85. Kupanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kunataka kama wati 350 tu kwenye mpira. Kwa hiyo nguvu ipo, na inazidi mara kadhaa. Haifiki kwenye mpira, inaishia kwenye klachi.

Klachi ya mashine ya kufyekea haina waya wala mkono. Ndani mna shu mbili, yaani vipande vyenye bitana ya kushikia, zilizobanwa na springi. Mashine ikizunguka polepole, springi inazishinda na zinakaa ndani. Ikikimbia, zinajitupa nje na kuishika ngoma inayozizunguka. Kwa kawaida zinaanza kushika kweli mashine ikifika karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Chini ya hapo zinasugua tu, ngoma inakwenda polepole na shu zinakwenda mbio, na kila kinachosuguana kinatoa moto.

Tupige hesabu yako. Mpira wa sentimita 20 ukizunguka mara moja unakwenda kama sentimita 63. Meno 44 ukigawa kwa 11 unapata 4, maana yake mashine ikizunguka mara nne mpira unazunguka mara moja. Kwenye mizunguko 4,000 ya mashine, mpira unatakiwa uzunguke mara 1,000 kwa dakika. Hizo ni mita 630 kwa dakika, karibu kilomita 38 kwa saa. Yaani klachi yako haiwezi kushika sawasawa mpaka skuta iwe inakwenda kilomita 38 kwa saa. Kule bandarini utaanzaje mlima kwa mwendo huo? Huwezi. Kwa hiyo shu zinasugua kuanzia chini ya mlima, na petroli yote unayochoma inageuka moto ndani ya ngoma. Chuma kinachogeuka buluu kimefika kama nyuzi 300. Ile harufu ya kitambaa ni bitana za shu zinaungua. Na usidhani kwenye tambarare mambo ni mazuri. Kule nako zinaungua, ila kwa siri.

Upande wa nguvu ya kusukuma nao uko vilevile. Mashine hiyo ikiwa katika ubora wake, kwa meno uliyoweka, inaisukuma skuta kwa nguvu ya kama kilo 7 ukishatoa inayopotea kwenye cheni. Mlima ule unataka kama kilo 8 na nusu. Ndiyo maana inalia na haiendi.

Unachotaka ni kupunguza mizunguko kiasi cha mara 11, siyo mara 4. Ukifika hapo, klachi itashika skuta ikiwa kwenye kilomita 14 kwa saa hivi, mwendo unaoweza kuupata kwa kusukuma mguu mara mbili tatu. Mashine ikifika mizunguko 7,000 utakuwa kwenye kilomita 24 kwa saa. Nguvu ya kusukuma itapanda mpaka karibu kilo 18. Mwendo wa juu utapungua, nalo hilo ni jema, na tukifika kwenye breki utaona kwa nini.

Usijaribu kuipata mara 11 kwa sproketi moja kubwa ya nyuma. Kwa meno 11 mbele ungehitaji meno 121 nyuma, duara la karibu nusu mita, na mpira wako wote ni sentimita 20. Njia ni shafti ya kati. Ibakishe ile 11 kwa 44 uliyonayo, lakini iwe ni hatua ya pili, kutoka shafti ya kati kwenda nyuma. Hatua ya kwanza, kutoka ngoma ya klachi kwenda shafti ya kati, iwe ni meno 11 kwa 30. Thelathini kwa kumi na moja ni 2.73, ukizidisha kwa 4 unapata 10.9. Hapo umefika.

Hatua ya kwanza usiifunge kwa cheni ya baskeli. Kwenye mizunguko 7,000, sproketi ya meno 11 inaivuta cheni hiyo kwa mita 16 kwa sekunde. Haikuundwa kwa hilo. Itatupa mafuta yote, itaruka meno, na siku ikikatika itapiga kilicho karibu, na kilicho karibu ni kifundo cha mguu wako. Tafuta cheni ndogo ya zile pikipiki za kuchezea watoto, yenye alama 25H, ambayo kutoka pini moja hadi nyengine ni milimita 6.35. Skuta na pikipiki hizo huja chakavu kwenye makontena, na mara nyingi mashine yake imekufa lakini cheni na sproketi ni nzima. Ukibahatika utapata na kijisanduku chake cha gia kinachofungwa mbele ya klachi. Kama unacho, huna haja ya cheni ya kwanza kabisa, mradi tundu zake za boliti zikubaliane na mashine yako. Tia alama ya chaki kwenye shafti ya kutokea, zungusha ya kuingilia kwa mkono, na hesabu inazunguka mara ngapi mpaka alama irudi. Ukipata mara mbili na nusu au karibu na tatu, kichukue.

Neno moja kuhusu kuchanganya cheni, maana wengi hukosea hapa. Cheni ya baskeli, ya pikipiki ndogo 420 na ile ya bodaboda 428 zote zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo mtu huona zinaingia akadhani zinafaa. Upana ni mwengine, na rola za 428 ni nene zaidi. Cheni ya 428 juu ya sproketi nyembamba ya baskeli itayumba upande huu na huu mpaka imalize meno. Chukua cheni na sproketi za jamii moja, toka mwanzo hadi mwisho.

Shafti ya kati fanya ya milimita 15, uishike kwa beringi mbili za 6202. Hizo kila duka la spea za pikipiki linazo: tundu milimita 15, nje 35, unene 11. Moja kushoto, moja kulia, na sproketi zote mbili ziwe katikati ya beringi au karibu kabisa nazo. Hapa ndipo penye kosa la pili ulilofanya bila kujua. Ngoma ya klachi ya mashine ya kufyekea mara nyingi imeshikwa na beringi moja tu, kwa sababu kazi yake ni kuzungusha mti mrefu ulio ndani ya bomba. Haikuumbwa kuvutwa pembeni. Wewe umeining'iniza sproketi mwisho wa shafti na cheni inaivuta kwa nguvu zote. Baada ya muda beringi italegea, ngoma itakaa upande, na shu zitakula upande mmoja. Kwa hiyo ncha ya nje ya shafti hiyo nayo uipe beringi yake, kwenye kipande cha bati nene la milimita 5 kilichofungwa na boliti kwenye bodi ya mashine. Kifunge kwenye mashine yenyewe, siyo kwenye fremu, ili vikitikisika vitikisike pamoja.

Kazi ya kuchonga tundu na kuziweka sproketi katikati sawasawa usiifanye kwa drili ya mkono. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza. Sproketi iliyopita nje ya katikati kwa milimita moja tu itaifanya cheni ikaze na kulegea kila mzunguko, na hakuna urekebishaji utakaoiponya. Ukishafunga, laza rula ndefu juu ya sproketi mbili za cheni moja: ziguse zote bila mwanga kupita. Cheni ya nyuma ukiibonyeza katikati icheze kama milimita 10 hadi 15. Usiikaze kama uzi wa gambusi.

Kabla ya kuifunga klachi tena, tupa shu za zamani pamoja na springi yake. Bitana zilizoungua hukauka na kung'ara kama kioo, hazishiki tena. Springi iliyopata moto hulegea, shu zinafunguka mapema, na matokeo yake skuta inataka kuondoka wewe ukiwa umesimama. Ngoma yenyewe, ukipitisha kidole ndani na hakuna mfereji wala ufa, isugue kwa msasa wa namba 120 na uitumie. Ikiwa imepinda, ya kutupa.

Mafuta usiyapuuze. Mashine hii inakula petroli iliyochanganywa na oili, na Pemba hakuna asiyejua kuchanganya, wavuvi wanafanya kila alfajiri. Tatizo ni kwamba watu humimina oili ileile ya mashine ya boti. Oili ya boti, yenye alama TC-W3, imetengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji ya bahari. Yako inapozwa na upepo wa feni yake, inapata moto zaidi, na inataka oili yenye alama ya JASO FC au FD. Mililita 40 kwa lita moja ya petroli, ndicho kipimo cha 25 kwa 1 ambacho mashine nyingi za namna hii zimeandikiwa. Kama karatasi ya mashine yako inasema vyengine, fuata karatasi. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Kukisia kwa kizibo ndiko kunakoua pistoni. Na lile ganda la plastiki linalofunika silinda usilivue ati mashine ipate upepo. Ndilo linalouongoza upepo wa feni upite kwenye mapezi ya silinda. Ukilivua unaipikia mashine.

Sasa turudi kwenye unywele.

Mstari ulio pembeni ya pale ulipochomelea ni ufa. Haukuanza kwa sababu umetia chuma kidogo. Mara nyingi huanza kwa sababu kimetiwa kingi. Bomba la skuta ya mtoto ni jembamba, milimita moja na nusu au pungufu. Ukilipiga kwa kijiti cha kuchomelea cha milimita 3.2 na ampea kubwa, pale pembeni ya mshono bomba linaliwa, linabaki jembamba zaidi na gumu. Halafu mashine inalitikisa mara elfu kadhaa kwa dakika, na kila shimo la barabara linaivuta shingo mbele na nyuma. Ufa huanzia hapohapo, pembeni, wala si katikati ya mshono. Kuuchomelea tena kwa juu kunaufunika tu. Shingo ikikatika hupati dalili. Usukani unabaki mkononi, na wewe unakwenda mbele na uso.

Kwanza jua fremu ni ya nini. Weka sumaku. Ikinata ni chuma, inatengenezeka. Isiponata, kwa skuta hizi karibu kila mara ni alumini, na fundi wa kawaida wa kuchomelea madirisha hataweza kuiunga kwa vijiti vyake. Fremu hiyo iache, tafuta nyengine.

Ikiwa chuma, safisha rangi yote mpaka chuma king'are, toboa tundu dogo la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee, sugua ufa kwa grenda upate mfereji, kisha uchomelee kwa kijiti cha milimita 2.5 aina ya 6013, ampea 60 hadi 80, kwa vipande vifupi vifupi na kuacha ipoe. Halafu ongeza kipande cha bati la milimita 3 chenye pembe tatu kati ya shingo na bomba la chini, kila upande kimoja. Mshono usikatishe bomba kwa upana. Ufuate urefu wake, na ncha za hiyo pembe tatu zichongwe ziishe taratibu badala ya kukatika ghafla. Kama unataka kuongeza bomba, usitumie la maji lenye zinki bila kuiondoa kwa grenda kwanza. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua kubana usiku wake. Kazi ya shingo ndiyo ninayokusihi usiifanye peke yako. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe vina watu wanaofundisha kuchomelea. Mmoja wao akiitazama kwa dakika kumi na kukwambia fremu haifai, mwamini.

Breki. Bati la kukanyaga limetengenezwa kwa mtoto wa kilo 30 anayesukuma kwa mguu. Kwanza linashika mpira wa nyuma peke yake, na unapofunga breki uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo wa nyuma ndio wenye kushika kidogo zaidi. Pili, mpira ukilowa mvua ya masika au ukiingia mchanga, bati linateleza juu yake kama sabuni. Tatu, ili ukanyage lazima uinue mguu mmoja wakati ule ule unapohitaji kusimama imara.

Kwa breki nzuri mbili, kwenye kilomita 24 kwa saa utahitaji kama mita 14 kusimama, ukihesabu na ile sekunde moja ya kushtuka. Kwenye kilomita 38 ni kama mita 29. Ndiyo maana nimesema kupungua mwendo ni jema.

Kilicho rahisi kwako ni kuvua foku na mpira wa mbele wa skuta, ukaweka foku ya baskeli ya mtoto ya inchi 12, yenye rimu na breki zake za mpira zinazobana pande mbili. Mpira mkubwa mbele hauharibu ile hesabu ya meno, na hauzami katika kila shimo kama ule wa sentimita 20. Ila utainua mbele, na shingo italala zaidi nyuma. Pima hivi: funga uzi sambamba na bomba la usukani, uuteremshe mpaka chini. Pale uzi unapogusa ardhi, pawe mbele ya pale mpira unapogusa ardhi, kwa sentimita 3 hadi 6. Uzi ukianguka nyuma ya mpira, usukani utajipindua wenyewe ukiachia mkono. Ukizidi sana mbele, usukani utakuwa mzito na mvivu wa kukata kona. Nyuma weka breki ya mkanda au ya diski kutoka skuta chakavu ya umeme, na mkono wake uwe kushoto kwenye usukani.

Mawili madogo, ya nusu saa kila moja. La kwanza ni namna ya kuizima mashine. Mashine hii inazimika waya wa koili ukigusa bodi, maana yake ukikatika huna cha kuizimia. Weka swichi ya kamba kama ile ya mashine ya boti, ncha moja mkononi mwako: ukianguka, inachomoka na mashine inazima. Ijaribu kila siku kabla ya kuondoka. La pili ni kifuniko cha cheni zote mbili, bati lolote jembamba litafaa. Siku ya Ijumaa utaipanda na kanzu. Pindo la kanzu likiingia kwenye sproketi inayozunguka mara elfu mbili na zaidi kwa dakika, huna muda wa kufikiri.

Kuhusu cc 110. Mashine hiyo na gia zake ni chuma cha kilo 20 na ushei, pengine sawa na skuta yako nzima. Nguvu yake ni mara tatu au nne ya uliyonayo. Ungelazimika kubadilisha fremu, foku, rimu, breki na shingo, na ukishabadilisha vyote hivyo umeunda pikipiki mbovu, wakati wenzako wanapanda pikipiki nzima za mtumba au vespa. Aliyekushauri ana nia njema, lakini anatibu ugonjwa ambao huna.

Mota ya umeme ni wazo lenye heshima yake. Haina moshi, haina kelele, na haina klachi ya kuungua, kwa sababu mota inasukuma kwa nguvu tangu ikiwa imesimama. Kwa mtu wa Jang'ombe au Mwanakwerekwe, kule mjini Unguja, anayekwenda kilomita mbili tatu kwenye tambarare, ningemwambia aanze na hiyo. Wewe uko Wete. Mota ya kawaida ya volti 24 na wati 250 itapanda mlima wako kwa kilomita 8 au 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na itapata moto. Betri mbili mpya za UPS za 7Ah zina wati-saa 168, na hizi za risasi hutakiwi kuzitumia zaidi ya nusu. Skuta inakula wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita kwenye tambarare. Fanya hesabu: kilomita nne, au tano milima ikiwa michache. Na betri za UPS zilizotupwa, zimetupwa kwa sababu. Ukiamua hivyo hata hivyo, weka fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, na vichwa vya nyaya vipake grisi, hewa ya chumvi inavila haraka. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu chakavu na kuunganishwa kwa risasi ya kuchomelea sikushauri hata kidogo. Ikishika moto moja, zinafuatana, na watu wengi huzichaji usiku chumbani walikolala.

Chake, hapana. Ni karibu kilomita 30, na hicho ni chombo cha moto kisichosajiliwa, kisicho na namba wala bima, kwenye barabara moja na daladala na malori. Askari wa usalama barabarani akikusimamisha, atakuwa amekusaidia. Lakini lililo zito zaidi ni bima. Ukimgonga mtoto wa skuli, hakuna wa kulipa ila wewe na wazee wako. Skuta hii iwe ya uwanjani na ya kwenye shamba, kwa ruhusa ya mwenyewe, na ndugu zako wadogo wasiipande. Kama shida yako hasa ni kufika Chake, basi fedha unazotaka kuzitia kwenye cc 110 zianze kuwekwa kwa ajili ya chombo chenye kadi.

Ukishaifunga yote, jaribio la kwanza lifanye nyuma ikiwa imeinuliwa juu ya kigogo. Mashine ikiwa inanguruma taratibu, mpira wa nyuma usizunguke. Ukizunguka, punguza skrubu ya mwendo wa chini kwenye kabureta, na usipotulia, springi ya klachi haifai. Halafu tambarare, helmeti kichwani, viatu vya kufunika vidole, dakika kumi tu. Simama, zima, usogeze kiganja karibu na bodi ya klachi bila kuigusa: iwe na joto, isiwe inachoma kwa mbali. Kaza nati zote upya, maana mtikisiko wa mara ya kwanza huzilegeza, na zile za mashine uzitie wosha za springi. Kisha piga goti uitazame shingo kwa tochi, pande zote mbili. Rudia hivyo kwa wiki mbili za mwanzo. Na mpaka zipite hizo wiki mbili usiipake rangi shingo. Ipake mafuta mepesi tu isishike kutu, ufa ukija uuone.